Matundu Kumi na Mawili

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nikavaa ovaroli kuukuu ya baba iliyokatwa mikono na miguu, kisha nikavuka ua kwenda gereji. Gereji yetu imepakana na jiko, kwa hiyo mama akikaanga kitunguu, magari yote hunukia kitunguu. Pale nilikuwa na kazi yangu mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeiweza, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mkono mwembamba kama wangu. Ndiyo maana baba aliniita Sindano.

Baba ni fundi wa magari ya zamani. Wapo mafundi wengi wanaoweza kupaka gari rangi mpaka ukajiona uso, na baba huwacheka. "Rangi ni poda tu," husema. "Mtu anaweza kujipaka poda na huku ana homa." Sifa yake yeye ilikuwa kuzuia kutu, hasa ile isiyoonekana. Chini ya magari ya zamani kuna fremu, yaani mihimili mirefu ya chuma inayobeba kila kitu, injini, viti na watu. Mihimili hiyo ina uwazi ndani kama mabomba. Maji ya mvua hupenya humo, matope yakayazuia yasitoke, na chuma kikaanza kuliwa kimya kimya kutoka ndani. Kwa nje unaona gari zuri. Siku moja unapita kwenye shimo dogo tu la barabara, na fremu inakatika.

Kinga yake ilikuwa kazi ya siku kadhaa. Baba aliiosha fremu kwa ndani, akaikausha kwa upepo wa kompresa siku nzima, kwani kufungia unyevu ndani ni sawa na kumfungia mwizi dukani. Kisha alipasha moto nta aliyoichanganya na mafuta kwenye sufuria yake nyeusi, akaipuliza ndani kwa mpira mrefu mpaka ikaanza kudondoka kupitia matundu yaliyo chini ya fremu. Matundu hayo yametobolewa makusudi ili maji yapate pa kutokea. Nta ikishaganda, lazima yazibuliwe kwa waya, moja moja, na hapo ndipo Sindano alipoingia.

"Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," baba aliniambia siku aliyonikabidhi waya. "Kwenye fremu ni kinyume. Ukiziba tundu, utajenga gari zima."

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nililala chali chini ya gari juu ya ubao wenye magurudumu, tochi kifuani. Nilipitisha waya katika tundu mara tatu, kisha nikatangaza, "Moja wazi." Baba, huko juu anakofanya kazi nyingine, akajibu, "Nimesikia." Nikasogea kwenye la pili. Hakuwahi hata siku moja kuinama kuhakiki. Hesabu ikiisha, aliandika TAYARI kwa chaki kwenye kioo cha mbele, gari likaenda kwa mwenyewe. "Hesabu yako ndiyo jina langu," alisema. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na kwa maneno hayo nilitembea kifua mbele.

Ndipo alipokuja Daktari. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mtu wa viatu vinavyong'aa, na alikuwa na gari la michezo la kijani, la viti viwili, lenye paa la turubai, lililomzidi baba umri. Fremu yake ilikuwa na matundu kumi na mawili. Aliliacha kwetu siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi akapita kulitazama, na kwenye benchi letu walikuwa wamekaa wateja wanne wakingoja zamu.

"Fundi," alisema, "kirungu changu cha gia kiko wapi?"

Baba alichungulia ndani. Kwenye mkono wa gia palikuwa patupu. Kirungu kile kilikuwa cha mti mweusi, kimechongwa vizuri, na hata mimi nilikuwa nimekipenda nilipokiona gari likiingia. "Sijakiona tangu ulipoliacha gari, Daktari."

"Gari limelala kwako, mimi nimelala kwangu. Toa vilivyomo mfukoni."

Nilidhani baba atamjibu. Aligeuza mifuko yake nje, yote miwili, mbele ya watu. Kikatoka kitambaa, kipande cha penseli na peremende moja, ile aliyoniwekea mimi kila Jumamosi. Daktari hakutosheka. Alisema sanduku la vifaa nalo limwagwe. Baba akalimwaga sakafuni, na yule mzee akawa anachokoa spana kwa ncha ya kiatu chake. Wale wanne kwenye benchi walitazama kucha zao. Kisha Daktari aliondoka, na baba akapiga magoti kuokota spana moja baada ya nyingine, huku mimi nimesimama mlangoni na waya wangu.

Jumatatu alasiri akarudi, kirungu mkononi, akanikuta nimesimama mlangoni. "Kumbe kilikuwa kwenye koti langu," alisema, akacheka. "Uzee huu." Akakifunga mahali pake kwa kukizungusha mara tano, wala hakusema zaidi.

"Hakuna neno, Daktari," baba alimjibu.

Hapo damu ikanichemka. Baba hakuwa na neno, lakini mimi nilikuwa nayo mengi, na kwa kuwa mtoto hamjibu mtu mzima, niliamua kuyasema kwa njia nyingine. Alasiri ile ile nta ilikuwa imeshaganda, na ilikuwa zamu yangu kuzibua. Kwenye rafu palikuwa na mkebe wa puti, ile dawa nzito ya kusawazishia mabonde kwenye bodi. Ukiichanganya na dawa yake ya kuigandisha, baada ya dakika chache inakuwa jiwe. Nikachanganya kiasi cha kiganja kimoja, nikaingia nacho chini ya gari pamoja na kopo la rangi nyeusi.

Nilibandika puti kwenye tundu la kwanza, nikaisukuma ndani kwa dole gumba mpaka ikakaa sawa, nikapaka rangi juu yake. "Moja wazi," nikatangaza.

"Nimesikia," baba akajibu.

Katika tundu la saba sauti yangu ilitaka kukwama. Nikaikumbuka ile peremende, ikakwamuka. Nilifika mwisho bila kutetereka. "Kumi na mbili wazi."

"Nimesikia, mwanangu." Nikasikia chaki ikikwaruza kioo. Jioni Daktari alikuja akaondoka na gari lake, akipiga honi kwa furaha, nami nikampungia mkono.

Tangu siku hiyo niliipenda mvua kuliko kitu chochote. Ikinyesha usiku nililala usingizi mtamu. Ikinyesha mchana niliacha hata kusikiliza somo, nikawa naiona ikipenya kwenye turubai lile kuukuu, ikishuka chini ya zulia, ikiingia ndani ya mihimili na kukosa pa kutokea. Mtu aliyeziba meno ya watu miaka yote, sasa gari lake lilikuwa linaozea ndani na yeye hana habari. Niliona ni haki tupu. Mara nyingine gari la kijani lilipita karibu na shule, Daktari akiwa na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka sita hivi mwenye utepe kichwani. Alikuwa akitupungia mkono wanafunzi wote. Nami nilimpungia, huku moyoni nikihesabu: moja limezibwa, mbili limezibwa.

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja na ambaye darasa zima lilimwita Redio, aligundua. "Mbona mvua inakufurahisha hivyo? Mmepanda nini kwenu?"

"Tumepanda kutu."

"Kutu inaliwa?"

"Hii itamla mtu mmoja." Nikamwambia kwamba kuna mtu alimdhalilisha baba, na kwamba namngojea. Sikumwambia namngojea vipi, maana Redio ni Redio.

Alitafuna kalamu yake akifikiri. "Mimi mtu akinikosea namwambia pale pale, mchana tunacheza. Wewe unafuga kisasi kama kuku."

"Kuku hutaga," nikamjibu, tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Mara baada ya ule wa pili, Jumamosi moja, benchi limejaa, gari la kijani liliingia gereji polepole, limeinamia upande mmoja. Daktari alishuka kwa hasira.

"Fundi wa kutu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Uliniambia chini ya mkono wako halishiki kutu. Njoo uone kazi yako. Kiti cha abiria kimedidimia tukiwa njiani. Mjukuu wangu alikuwa amekikalia. Mguu wake umepita kwenye sakafu, ameiona barabara inakimbia chini yake."

Nakiri kwamba kabla hajafika kwenye habari ya mjukuu nilikuwa nimefurahi. Furaha ilinipanda mpaka kooni. Kisha nikamkumbuka yule mtoto wa utepe, na furaha ikabaki pale pale kooni, haipandi wala haishuki.

"Ameumia?" baba aliuliza kwanza.

"Viatu tu. Mungu amesaidia, nilikuwa naenda taratibu."

Baba alichukua nyundo ndogo akagonga fremu kwa nje. Penye uzima chuma kililia kama kengele. Chini ya kiti kikatoa sauti ya boga. Aligonga mara nyingi, kana kwamba alitumaini nyundo itabadili maneno. Mwishowe akasimama. "Niachie gari, Daktari. Kosa ni la kwangu, nitalitengeneza mimi." Watu wawili kwenye benchi wakainuka, wakasema watarudi siku nyingine.

Jioni hiyo baba aliikwangua nta yote kutoka kwenye sufuria nyeusi, akaitupa kwenye pipa la taka. Kisha akaketi mezani na daftari, akaandika orodha ya magari yote aliyoyatia nta tangu lile la kijani. Yalikuwa ishirini na matatu.

"Kesho nawapigia wenyewe simu, mmoja mmoja," alimwambia mama. "Kama nta yangu imeozesha hili, imeozesha yote. Watu wanabeba watoto humo. Nikimaliza, nitashusha kibao cha gereji."

"Miaka kumi na tisa, nta ile ile," mama alisema. "Leo ndiyo iharibike?"

"Basi aliyeharibika ni mimi."

"Hebu tazama vizuri kabla hujashika simu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nimetazama, mama Sindano. Nguoni mwangu tuko wawili tu, mimi na huyu mtoto, na hesabu yake haina shaka." Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Haya si ya kwako."

Sikula. Niliwaza jambo moja tu, kwamba baba akianza kukata fremu ataiona puti. Asubuhi, kabla hajaamka, nilichukua patasi ndogo na nyundo, nikateleza chini ya gari la kijani. Nilitaka kuyafungua yote kumi na mawili, nifagie vipande, nijifanye sijui lolote.

Nilianza na lile la kwanza. Puti ilikuwa jiwe kweli. Niligonga mara nne, ikachomoka nzima, na maji yakanimwagikia usoni. Yalikuwa mekundu, mazito, ya harufu mbaya, yakaniingia puani na mdomoni, na yalikuwa na ladha kama ya damu. Nilijisogeza pembeni nikayatazama yakimwagika. Nilidhani yataisha upesi. Yalimwagika mpaka yakafika kwenye mlango wa gereji, na bado yakawa yanatoka.

Nikahamia la pili, nikaweka patasi. Ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Nikiyafungua yote, baba atayakuta wazi, kama nilivyomwambia. Ataamini daima kwamba ni nta yake. Atapiga simu ishirini na tatu, atashusha kibao, na mimi nitakaa naye meza moja nikijua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimechimba kwa ajili ya Daktari na aliyetumbukia ni baba yangu. Niliilaani patasi, nikamlaani Daktari kwa mara ya mwisho, kisha nikaokota kile kipande cha puti.

Baba alikuwa mezani, daftari mbele yake, simu mkononi. Aliniona uso ulivyo mwekundu akasimama ghafla, akidhani nimeumia. Nikamwekea kipande kile juu ya daftari. Upande wa chini kilikuwa na alama ya dole gumba, imekaa humo wazi kabisa.

Alikigeuza muda mrefu. "Kidole cha nani hiki?"

"Changu."

"Viko vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Na ulisema wazi."

"Nilisema wazi, baba."

Akaweka simu chini. Nilimwona akivuta pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nta inazuia unyevunyevu," alisema polepole. "Haizuii bwawa. Nta yangu ni nzima." Kisha akanitazama, na nafuu yote ikamtoka usoni. "Kilichooza ni hesabu."

Afadhali angenichapa. Alikaa tu, akaniuliza kwa nini.

"Kwa sababu alikupekua mifuko mbele ya watu. Na wewe ukasema hakuna neno."

Hilo lilimfikia. Alitazama mikono yake. "Lilikuwepo neno," alisema. "Nilipaswa kumwambia pale pale, Daktari, umenivunjia heshima. Nililimeza, wewe ukaniona nikimeza, ukajifunza. Kosa langu ni hilo. La kwako ni kubwa zaidi, na Jumamosi utalisema mwenyewe, mbele ya benchi."

Nililisema. Daktari alikuwa amesimama, wateja wamekaa, na wawili kati yao walikuwepo siku ya mifuko. Nilieleza puti, rangi, na hesabu ya uongo. Nikaeleza na sababu, na sikuipamba. Nilipomtaja mjukuu wake, niliomba radhi kwa kunong'ona.

Nilingoja matusi. "Jino halilalamiki linapoanza kuoza," Daktari alisema, kama anaongea na viatu vyake. "Linalalamika wakati limekwisha. Siku ile nilipokuja na kirungu nilikuona, binti, umesimama hapo mlangoni. Nilijua nimekosa. Nikaona haya kuomba radhi, nikacheka." Akawageukia watu wa kwenye benchi, halafu baba. "Fundi, nilikupekua mbele ya watu bila haki. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Baba alimpa mkono. Daktari akaingia ndani ya gari, akakifungua kile kirungu cha gia, akakiweka mkononi mwa baba. "Kaa nacho wewe mpaka kazi iishe," alisema, akaondoka kwa miguu.

Kazi ilichukua miezi mitatu, na alasiri zangu zote zilikwenda humo. Baba alikata chuma kilichooza, akaunga kipya. Mimi nikasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka vidole vikapasuka. Tuliosha, tukakausha, tukatia nta mpya. Siku ya kuzibua nililala chini ya gari, nikapitisha waya, nikatangaza, "Moja wazi." Hakuna aliyejibu. Nikasikia ubao mwingine ukiviringika, baba akaja kulala kando yangu na waya wake mwenyewe, akaupitisha pale nilipopitisha mimi. Alifanya hivyo kwa matundu yote kumi na mawili. Sijapata adhabu nzito kuliko ile.

Tulipomaliza tukabaki tumelala pale, tukitazama chuma. "Mtu akikukosea, sema, Sindano," alisema. "Sema kwa adabu, lakini sema. Mwenzako akikataa kusikia, wewe umeshalitoa la moyoni. Uchungu ukiuziba ndani hauendi kwa adui yako. Unakaa kwako, unakula unachokipenda. Na usidanganye katika hesabu ambayo mtu ameiweka roho yake juu yake." Kisha akatoka, akaandika TAYARI. Daktari alipokuja, baba alimrudishia kirungu chake.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila gari lililokuja, baba alikuja kulala kando yangu na waya wake. Sikulalamika. Nilipitisha wangu mara tatu, naye mara moja, tukasogea.

Wiki iliyopita lilikuja gari jeupe la mwalimu wetu wa hesabu. Lina matundu manane. Nililala chini yake, nikapitisha waya mara tatu, nikasema, "Moja wazi," kisha nikajisogeza kumpisha baba nafasi. Ubao wake haukuviringika. Nilisikia spana ikizunguka juu ya injini, ikasimama kidogo.

"Nimesikia," baba alisema.

Nikarudi kwenye lile la kwanza, nikapitisha waya mara ya nne. Kisha nikasogea kwenye la pili.